Sura ya Tano: Sokwe Mweusi, Kahawa na Pete ya Chuma

Sokwe ni mnyama mgumu kumpiga picha. Ni mweusi, anapenda kivuli, hatulii, na jua likipenya kwenye majani humwagikia mgongoni vipande vipande, hapa jeupe, pale giza. Mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera haijui kwamba inatazama manyoya meusi. Imefundishwa jambo moja tu: kila inachokiona kiwe kijivu cha wastani. Basi humwangaza sokwe mpaka manyoya yake yafanane na majivu, na majani ya nyuma yaungue yawe meupe kama karatasi. Mpiga picha asipopunguza mwanga hatua moja au mbili kwa akili yake mwenyewe, anarudi nyumbani na picha za mnyama mwingine kabisa.

Hugo van Lawick alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwezi Agosti 1962 akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, na alikuwa akifanya kazi Nairobi na Armand na Michaela Denis, watengenezaji wa filamu za wanyama. Dk. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ndiye aliyempendekeza; shirika la National Geographic la Marekani ndilo lililolipa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikuwa ameshakaa pale miaka miwili, tangu 14 Julai 1960, na alikuwa ameshamwona sokwe akivua mchwa kichuguuni kwa ubua wa nyasi. Ushahidi wa picha ndio uliokosekana. Mwaka uliotangulia mdogo wa Jane, Judy, alikuja na kamera kwa kazi hiyo hiyo. Mvua ikanyesha, sokwe wakakaa mbali, akaondoka na picha chache mno za wanyama wenyewe.

Kila kitu kilikuwa mikononi mwa Hugo, na neno hilo lichukuliwe lilivyo. Hapakuwa na otofokasi. Kamera ya kwanza iliyofanikiwa kuifikisha kwa watu wengi pamoja na lenzi za kubadilisha, Minolta 7000, ilitoka mwaka 1985. Kabla ya hapo lenzi ilikuwa na pete ya chuma yenye mikwaruzo ya kushikia, na ukali wa picha ulipatikana kwa kuizungusha pete hiyo kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, jicho likiwa dirishani.

Hesabu ya mwanga nayo ilikuwa ya kichwani. Filamu ya rangi iliyosifika miaka ile, Kodachrome II, ilitoka mwaka 1961 na wepesi wake ulikuwa ASA 25. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na spidi ya shata iwe moja chini ya namba ya filamu, yaani hapa sehemu ya 25 ya sekunde. Sasa ingia chini ya miti. Kivuli kizito cha msituni hula hatua sita za mwanga bila shida, na kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Kutoka f/16, hatua sita zinakushusha mpaka f/2 (namba ikipungua tundu linapanuka, jambo linalowachanganya wanafunzi wote wiki ya kwanza), na spidi bado ni ile ile sehemu ya 25 ya sekunde. Lenzi ndefu za kupigia wanyama hazikufika huko. Hata zingefika, sokwe gani atakaa tuli muda wote huo? Kamera ya leo ikipandishwa hadi ISO 3200 inarudisha hatua saba kwa kubonyeza kitufe. Mwenye Kodachrome alisubiri uwazi kati ya miti, au asubuhi sokwe walipotoka kuota jua.

Kisha kuna umbali. Lenzi ya milimita 300 ikifunguliwa f/4, na mnyama akiwa mita kumi, eneo linaloonekana kali halifiki sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma. Pua ikiwa ndani, sikio huenda limeshatoka. Mnyama akiinama kuokota ndizi, kichwa chake kimeondoka kwenye eneo hilo kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Wazoefu wa pete ya mkono hawamfuati mnyama; wanatangulia. Wanakadiria kichwa kitasimama wapi, wanaipeleka pete huko, wanangoja. Ndivyo dereva wa daladala anavyojua abiria atashukia wapi kabla hajasema.

Na majibu hayakuja siku hiyo. Kodachrome haikuoshwa nyumbani. Kemia yake ilihitaji maabara maalumu, kwa hiyo mikanda ilivuka bahari, na kosa la Jumatatu lilijulikana baada ya wiki kadhaa, sokwe wameshasahau.

Katika mazingira hayo ndipo zilipopatikana picha ambazo dunia inaikumbuka Gombe kwazo. Flint, mtoto wa sokwe jike aliyeitwa Flo, alizaliwa mwaka 1964. Katika picha ya Hugo anaonekana mdogo, amenyoosha mkono kuelekea kwa Jane aliyechutama mbele yake na kunyoosha wake. Vidole vyao ndivyo vinavyovuta jicho kwanza. Hugo na Jane walifunga ndoa mwaka huo huo, wakaachana mwaka 1974. Hugo akahamia Ndutu, upande wa Serengeti, akaishi kwenye mahema akitengeneza filamu hadi afya ilipomshinda. Alifariki Dar es Salaam tarehe 2 Juni 2002. Miaka 12 baadaye, zaidi ya saa 100 za filamu yake ya milimita 16 zilipatikana kwenye hifadhi ya National Geographic, na mwaka 2017 mtengenezaji filamu Brett Morgen akazitumia kutengeneza filamu iitwayo Jane. Anayeitazama kwa makini ataona mahali ambapo ukali unachelewa kidogo, sokwe anageuka akiwa na ukungu, kisha ukungu unaondoka. Hapo ni mkono wa mtu unaofanya kazi.

Kutoka Gombe, kando ya ziwa, kwenda milimani si mbali. Ukipita Mwandiga na kupanda kilomita 60 za barabara yenye kona nyingi unafika Manyovu, mpakani na Burundi, eneo lililokuwa Kasulu kabla Wilaya ya Buhigwe haijamegwa. Joto la Kigoma mjini linabaki chini. Hapa asubuhi kuna ukungu, kuna migomba, na kuna kahawa ya arabika kwenye miteremko, ile inayopita kwenye ushirika wa Kanyovu. Mashariki yake ziko Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha, vilima vinavyofuatana kama mawimbi hadi macho yachoke.

Kahawa ndiyo iliyomtengeneza mpiga picha mwingine. Sebastião Salgado alikuwa Mbrazili mwenye shahada za uchumi, mwajiriwa wa Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao London. Kazi ilimleta Afrika Mashariki na Kati, Rwanda na Burundi zikiwemo, kukagua miradi ya mashamba. Mwaka 1970 mkewe, Lélia, alinunua Geneva kamera aina ya Pentax Spotmatic yenye lenzi ya milimita 50, kwa ajili ya masomo yake ya usanifu majengo. Mume akaiazima. Akaja nayo safarini, na kwa maneno yake mwenyewe ya miaka ya baadaye, picha zikampendeza kuliko ripoti. Mwaka 1973 akaacha kazi yenye mshahara mzuri akawa mpiga picha.

Lenzi ya Spotmatic inastahili kushikwa kidogo, maana ndiyo mlango wa habari yote ya lenzi za kale. Haibofyeki mahali pake kama za leo. Inafungwa kwa kuzungushwa, kama mfuniko wa chupa, kwenye uzi wa skrubu wenye kipenyo cha milimita 42. Wajerumani wa Dresden waliutumia uzi huo kwenye Contax S ya mwaka 1949, Wajapani wa Pentax wakaufuata, Warusi wa Zenit wakaufuata, na wengine wengi. Kwa kuwa haukuwa mali ya kampuni moja, lenzi zake zimejaa duniani. Wapenzi wake huuita M42.

Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikaa kabatini. Kilichoziua ni otofokasi. Canon, kwa mfano, mwaka 1987 walibadilisha kabisa mdomo wa kamera zao, na lenzi zote za zamani za FD zikawa yatima siku moja. Kilichozifufua ni kamera zisizo na kioo cha kupinduka ndani, kuanzia Panasonic G1 ya mwaka 2008, kisha Sony.

Sababu ni ya milimita. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Ya M42 inataka milimita 45.46. Kamera ya Sony ya leo, kwa kuwa kioo cha ndani kimeondolewa, ina milimita 18 tu kati ya mdomo wake na sensa. Basi unatengeneza bomba la chuma la milimita 27.46, upande mmoja uzi wa M42, upande wa pili meno ya Sony, na lenzi ya mwaka 1970 inakaa pale pale ilipokusudiwa kukaa. Bomba hilo, adapta, halina kioo wala waya. Kwa Nikon za zamani zenye kioo mambo ni tofauti: umbali wake ni milimita 46.5, tayari umepita, na hakuna adapta tupu itakayoifanya lenzi ya M42 ione kilima cha mbali kwa ukali. Wengi hugundua hilo baada ya kulipa.

Jambo jingine hugunduliwa usiku wa kwanza, na huleta simu nyingi kwa mafundi. Lenzi imefungwa, kamera imewashwa, kitufe kinabonyezwa, kimya. Kamera imetafuta nyaya za kuongea na lenzi, haikuzipata, ikaamua haina lenzi. Ndani ya menyu kuna mstari wa kuiruhusu ipige bila lenzi. Ukiuwasha, kazi inaanza. Kamera yenye kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi inahitaji pia iambiwe urefu wa lenzi kwa mkono. Ikidhani ni milimita 24 wakati ni 58, itatuliza visivyo.

Hiyo 58 haikutajwa bure. Ukitaka kuijua lenzi ya kale kwa bei ya mtu wa kawaida, utakutana na Helios 44-2. Ni ya Kisovieti, milimita 58, f/2, iliyonakiliwa kutoka Biotar ya Carl Zeiss Jena na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit kwa mamilioni. Uzito wake ni kama gramu 230. Kwenye ukingo wa mbele kuna namba ndefu, na tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka: 78 maana yake ilitoka kiwandani 1978. Alama ya mche wa kioo unaopitwa na mshale ni ya kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow.

Pete zake ni tatu, na mbili za mbele huchekesha wageni. Moja unaipanga: nataka f/5.6. Nyingine, isiyo na kituo, unaizungusha: lenzi inafunguka yote hadi f/2 ili uone vizuri na kufokasi kwenye mwanga mwingi, kisha unairudisha hadi inapogota, kwenye ile f/5.6 uliyoipanga, bila kutoa jicho dirishani. Vibati vinane vyeusi ndani vinakunjuka na kukunjamana kama mboni ya paka. Ukiizungusha polepole karibu na sikio, hakuna mlio, na isiwepo. Mlio wa mchanga ni habari nyingine, tutaifikia.

Sifa ya Helios ni mzunguko. Msimamishe mtu kwenye shamba la kahawa, umbali wa mita moja na nusu, majani yenye kung'aa na vipenyo vya mwanga yakiwa mita tatu nne nyuma yake, fungua f/2. Uso utakuwa mkali, na nyuma yake majani yatazunguka kama maji kwenye karai lililokorogwa. Wajapani wana neno la ule ukungu wa nyuma, boke, na mabingwa wa boke hutumia fedha nyingi kuutafuta ulio laini. Huu wa Helios hauko laini. Ni kasoro, na kasoro yenyewe inaeleweka kwa kopo la maziwa lililokatwa pande zote mbili. Litazame wima: tundu ni duara. Liinamishe kidogo: ukingo wa mbele na wa nyuma unakatana, tundu linakuwa kama limau. Nuru ya pembeni inaingia kwenye Helios kwa mshazari, kwa hiyo kila kinuru cha pembeni kinachongwa kama limau, na malimau yote yamelala kuuzunguka katikati ya picha. Jicho linaona mzunguko. Mpiga picha wa filamu Greig Fraser aliitumia Helios kwenye The Batman, filamu ya mwaka 2022 ya fedha nyingi sana, kwa ajili ya kasoro hiyo hiyo.

Hapa wapenzi wa lenzi za kale wanahitaji kuambiwa ukweli. Kwa ukali wa kona hadi kona, lenzi ya kawaida ya leo inaishinda Helios mchana kweupe. Rangi za lenzi kongwe ni hafifu jua likiwa mbele, kwa sababu vioo vyake vilipakwa dawa ya kuzuia mng'ao tabaka moja, au hakuna kabisa. Mwezi wa Agosti milimani, nyasi zikichomwa na vumbi jekundu likining'inia hewani, lenzi hiyo itakupa picha kama iliyopigwa nyuma ya chandarua. Kiganja kilichokingwa juu ya lenzi, nje ya picha, kinasaidia kuliko programu yoyote. Na kwa harusi ushauri ni mfupi: tumia otofokasi. Bibi harusi hatembei mara mbili.

Inafaa wapi basi? Mahali ambapo mtu ana muda wa kutazama. Na kwa ajabu kidogo, mahali ambapo hana muda kabisa.

Chukua barabara ya mpakani Manyovu siku ya soko: baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi zinasukumwa, bodaboda zinapenya, wanawake na vikapu kichwani. Otofokasi hupapasa, inamshika mpita njia, inamwacha. Mwenye lenzi ya kale ya milimita 28 hafokasi kitu. ISO 200, jua kali: kwa kanuni ile ile, f/16 na sehemu ya 200 ya sekunde, au ukipenda, f/8 na sehemu ya 800. Kisha anaipeleka pete kwenye mita tatu na kidogo. Mikwaruzo iliyochongwa kwenye lenzi, jozi jozi kwa kila namba ya tundu, inamwonyesha kwamba kwa f/8 kila kilichopo kuanzia mita moja na nusu hivi hadi milima ya Burundi kitakuwa kikali vya kutosha. Baada ya hapo kamera inabaki kitufe tu. (Hii ni kwa sensa yenye ukubwa wa filamu. Kwa sensa ndogo lenzi ile ile inataka umbali zaidi, ianzie mita mbili na nusu.) Lenzi nyingi za leo hazina mikwaruzo hiyo. Watengenezaji waliiondoa wakidhani haihitajiki tena, na ni hasara.

Kasi hiyo isimfanye mtu asahau adabu. Kabla ya kamera, salamu ya Kiha: Mwakeye. Kituo cha mpaka chenyewe hakipigwi picha bila ruhusa, na kambi za wakimbizi zina kibali chake kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Milima hii imepokea watu kwa miongo mingi. Goodall mwenyewe alipofika Kigoma mwaka 1960 alikuta mji umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, na yeye na mama yake wakatumia siku zao za kwanza kuwatengenezea wakimbizi hao sandwichi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo. Mwaka 2015 Warundi waliingia tena kwa maelfu, Manyovu ikiwa mojawapo ya njia, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya.

Salgado alirudi kanda hii kwa habari kama hizo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi, wakatua Benako, Ngara, kaskazini mwa Kibondo. Mwanauchumi wa kahawa alizijua barabara zile. Miaka hiyo alikuwa na Leica, lenzi fupi za kufokasi kwa mkono, na filamu nyeusi na nyeupe ya Tri-X. Lenzi fupi maana yake alilazimika kusogea. Huwezi kuiba uso wa mtu kutoka mlima wa pili kwa milimita 35. Picha za Benako zimo katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu watu wanaohama, zina moshi wa asubuhi, mahema ya turubai, uzuri unaokera. Mwandishi Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu picha za mateso, alimlaumu kwamba waliomo hawana majina. Lawama hiyo ina uzito. Waliotazama picha walilijua jina la Salgado. La mama aliyeshika turubai hawakulijua. Salgado alifariki Mei 2025, Goodall akamfuata Oktoba mwaka huo huo.

Turudi kwenye chuma. Anayenunua lenzi ya kale, iwe Kariakoo, Nairobi au kwa posta kutoka ng'ambo, anunue na tochi. Ya simu inatosha. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma kwa mshazari, tazama kutoka mbele. Vumbi kidogo halina neno. Kila lenzi ya miaka 50 inalo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui au mizizi ya nyasi. Hiyo ni kuvu. Inaishi kwenye unyevu na giza, inakula mafuta na uchafu mdogo uliobaki juu ya kioo, na tindikali yake huchora kioo chenyewe. Ikigunduliwa mapema fundi huifuta. Ikichelewa, unafuta kuvu na michoro inabaki. Pwani ndiyo makao yake, lakini Kasulu na Kibondo, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, hazisalimiki. Mfuko wa ngozi unaouzwa na lenzi ni mzuri kwa macho na mbaya kwa kioo, maana unashika unyevu. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyotupwa kutoka kwenye maboksi ya viatu, kinafanya kazi vizuri zaidi. Chembechembe zikishiba unyevu, zikaushwe kwa moto mdogo zirudishwe.

Halafu zungusha pete ya kufokasi kutoka mwisho hadi mwisho. Iwe nzito sawasawa, kama asali ya baridi. Ikikaza katikati, grisi imekauka. Ikisaga, mchanga umeingia kwenye meno, na mchanga wa kiangazi haumwachi mtu. Funga na fungua vibati: viwe vikavu. Mafuta yakionekana juu yake yamevuja kutoka kwenye pete, na kwa baadhi ya lenzi vitachelewa kufunga, kila picha itoke na mwanga mwingi kuliko ulioupima. Yote haya yanatengenezeka kwa bisibisi ndogo na subira, maana hamna saketi ndani. Mota ya otofokasi ikiungua huko Kibondo, bidhaa hiyo imekwisha. Pete ya Helios ikikauka, grisi mpya inairudisha kazini.

Lipo tatizo moja lisilo la unyevu wala mchanga. Lenzi kadhaa za milimita 50 za Pentax zenye f/1.4, ndugu za ile ya Geneva, zilitengenezwa na kioo chenye thoriamu. Oksidi ya thoriamu hupindisha nuru kwa nguvu bila kuitawanya sana rangi, na wakati ule hapakuwa na njia rahisi zaidi. Thoriamu ina mnururisho mdogo. Si wa kumdhuru anayepiga picha, ingawa hakuna sababu ya kulala nayo chini ya mto. Nusu ya maisha yake ni miaka bilioni 14, kwa hiyo haitakwisha nguvu mikononi mwa mnunuzi yeyote. Inachokidhuru ni kioo chenyewe: miongo ikipita, kinageuka rangi ya chai. Weka lenzi juu ya karatasi nyeupe utaiona, na rangi hiyo inaweza kula hatua nzima ya mwanga.

Dawa yake ni jua. Lenzi inasimamishwa dirishani, mdomo mmoja umeelekezwa nje, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti ikitandikwa chini kurudisha mionzi juu. Isiachwe ikitazama jua la saa sita huku kitu kinachoungua kikiwa nyuma yake, maana ni kioo cha kukuza na kinaweza kuwasha pazia. Kila baada ya siku chache inageuzwa. Wiki ya kwanza hakuna kinachoonekana. Wiki ya pili rangi ya chai inakuwa ya maji ya ndimu. Kiangazi cha milimani, Julai, mawingu yakiwa machache, ndio wakati wake. Karatasi nyeupe inakaa pembeni ya dirisha siku zote hizo, na lenzi hurudishwa juu yake asubuhi, hutazamwa, hupelekwa tena dirishani.